Bi harusi, chagua gauni. Kichwa changu niachie

Unajua jinsi inavyoanza. Grupu mpya ya WhatsApp inatokea kwa simu yako, jina lake ni majina mawili na moyo katikati, na kabla hujamaliza kuandika hongera, picha imeshatua. Ni mrembo fulani wa Pinterest, misuko imeshuka hadi kiunoni, ncha zina mawimbi, nywele za mbele zimelazwa na jeli utadhani zimechorwa na penseli. Chini yake bi harusi ameandika: "Wasichana wangu, hii ndiyo nywele yetu." Wapambe sita, vichwa sita, picha moja. Wa kwanza anatuma mioyo kumi. Wa pili anatuma kumi na mbili ili asionekane ana wivu. Wale wanne waliobaki wananyamaza kidogo, wanaingia M-Pesa kuangalia salio, halafu nao wanatuma mioyo.

Sasa mimi nasema hivi, na mkitaka kuninunia ninunieni. Bi harusi ana haki ya kuchagua rangi ya gauni, kitambaa, viatu, maua, hata rangi ya kucha. Lakini msuko mmoja unaofanana kuanzia utosini mpaka ncha, kwa wasichana sita wenye nywele sita tofauti na mifuko sita tofauti? Hapo amevuka. Vichwa hivyo si mapambo ya ukumbi. Vitarudi nyumbani na wenyewe.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndiyo kitu kila mtu anaogopa kutaja kwa grupu. Mpambe wa siku hizi ameshajilipia mengi kabla hata hajafika saluni. Mara nyingi gauni ni lake, viatu ni vyake, mchango wa kamati ni wake, na nauli ya kwenda ruracio Murang'a au kufika ushago Kakamega pia ni yake. Halafu inakuja nywele. Na zile picha huwa haziji na bei. Msuko mwembamba wa kufika kiunoni unakula pakiti nyingi na unakukalisha kitini kuanzia asubuhi mpaka mwanga wa nje umeisha. Tuseme msusi anataka 3,500 na pakiti zinakula 1,200. Hiyo ni 4,700 kwa kichwa kimoja. Mara sita ni 28,200. Weka bei za mtaa wenu, hesabu ni ileile. Sasa muulize bi harusi kama angetoa hiyo elfu ishirini na nane kwa nywele za watu wengine. Atakuambia bajeti haitoshi. Haya, na bajeti ya yule dada wa mwaka wa pili chuoni anayengojea pesa ya HELB inatosha aje?

Kanuni yangu ni moja: anayeagiza ndiye analipa. Ukitaka nifanane na picha, nunua pakiti na umlipe msusi. Ukitaka nijilipie, basi niambie rangi na urefu, hayo mengine tutajuana mimi na msusi wangu.

Najua mtu atasema, "Kwani asiye na pesa si aseme tu?" Manze, hakuna anayesema. Anaandika "nitaona" halafu anapotea. Wiki mbili baadaye anasema kazini wamekataa kumpa ruhusa. Bi harusi anaumia, anadhani hapendwi, na yule mwingine anaangalia picha za harusi kwa simu akiwa kwake. Nimeona urafiki wa tangu darasa la tatu ukifa hivyo, na ukiwauliza leo, hakuna hata mmoja atakayekuambia kilichowakosanisha ni nywele.

Lakini pesa si ndiyo kubwa. Kubwa ni hapa mbele, juu ya masikio, kwenye paji.

Rafiki yangu mmoja alisimama kwa harusi tatu kati ya Julai na Desemba. Tatu! Kila moja ilikuwa na msuko wake ulioamriwa, na kila mara ilikuwa ni kufumua Jumapili na kusukwa tena baada ya wiki chache. Ana nywele laini, nyepesi, za kutiwa dawa. Msuko wa harusi ya kwanza ulikuwa mwembamba na mrefu. Wa pili ulifungwa juu kabisa, fundo kama taji, siku moja tu baada ya kusukwa. Wa tatu nao aliukubali, kwa sababu unamwambiaje binamu yako hapana? Ilipofika Januari, mama yake ndiye aliyeona kwanza. Pande zote mbili, hapo juu ya masikio, ngozi ilikuwa inang'aa. Ana miaka 22. Hadi leo akipiga picha lazima kuwe na kitambaa au kofia, na akicheka sana anashika paji kwanza.

Madaktari wa ngozi wana jina la hali hiyo, ni alopesia ya kuvutwa. Nywele inavutwa kila saa, kila siku, mpaka mzizi unachoka kuishika. Mwanzoni mzizi bado uko hai, ukiacha kuvuta nywele zinaweza kurudi. Ukiendelea mwaka baada ya mwaka, pale panakuwa kovu, na kwenye kovu hakuna mafuta ya mnyonyo wala maji ya kitunguu yatakayoota nywele. Watafiti wa Cape Town, akiwemo daktari Nonhlanhla Khumalo, wamelichunguza jambo hili kwa miaka, na walichoona ni kwamba hatari inapanda zaidi mtu akisukwa juu ya nywele zenye dawa. Na wapambe wangapi unaowajua wanatia dawa kwanza ili msuko ulale vizuri?

Dalili tunazijua, ni vile tumezoea kuzicheka. Vipele vidogo vyeupe kwenye mstari wa mbele. Kushindwa kulala upande. Nyusi zimepanda zenyewe mpaka unaonekana unashangaa hata ukiwa hushangai. Panadol mbili kabla ya kulala. "Mvumilivu hula mbivu," anakuambia msusi huku anavuta, na wewe unacheka machozi yakikulenga. Ushauri wa chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani ni mfupi: msuko ukiuma, umekazwa kupita kiasi. Hawakusema uzoee. Tena wanasema msuko usikae kichwani zaidi ya miezi miwili au mitatu.

Na hapa niwe mkweli kuhusu Kenyatta Market, maana nikiisema vibaya mtanitoa damu. Napapenda. Unaingia, unaitwa "mrembo" na watu kumi, unakalishwa, na kabla hujapumua kuna mikono minane kichwani mwako. Saa chache umemaliza, na ukitaka nyama choma iko hapo kando. Lakini kila mkono una nguvu yake. Huyu wa kushoto anasuka kama anambembeleza mtoto, yule wa kulia anasuka kama anafunga gunia la viazi. Ni wewe wa kusema. Mwambie, "Dada, hapa mbele legeza kidogo." Hatakasirika. Na akikasirika, kichwa ni cha nani?

Sawa, basi wapambe wasuke nini? Sitaki mtu aseme nimekuja kulalamika tu.

Kwanza, mkubaliane namba, si jina la rangi. Hili ndilo linaharibu picha nyingi kuliko mtindo wenyewe. Ukisema "kahawia", mmoja atanunua 4, mwingine 33, mwingine 30, na mwingine atakuja na 27 akisema hiyo pia ni kahawia kwa jua. Mkisema 1B, ni 1B, ule weusi usiopiga kelele unaokaa na gauni lolote. Na hata namba moja hubadilika kidogo kati ya kampuni na kampuni, kwa hivyo mtu mmoja anunue pakiti zote duka moja, mzigo mmoja, agawe. Mkinunua pamoja kwa bei ya jumla mtaokoa pia.

Pili, urefu. Mkiweka urefu mmoja, macho ya mtu yanaona umoja hata kama misuko haifanani. Mimi ni wa timu ya mabegani. Bobu ya misuko inatumia pakiti chache, ni nyepesi, haikuvuti shingo, na haifichi gauni. Fikiria: fundi ameshona mgongo wazi, ameweka kamba za kufunga na vifungo vidogo ishirini, halafu mnamwaga nywele hadi kiunoni juu yake. Pesa ya fundi imeenda wapi? Na kama harusi ni ya ufukweni, Kilifi au Diani, ule upepo haujui mmelipa. Ile misuko yenye vinywele vya kujikunja vilivyoachwa nje nje inapendeza saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni ni kiota cha ndege. Usisahau pia kwamba wapambe wa Kenya hawaingii ukumbini wakitembea, wanaingia wakidansi. Ukigeuka na misuko ya kiunoni, aliye nyuma yako anachapwa usoni mbele ya kamera.

Halafu kuna wazo ninalolipenda kuliko yote: kila mtu asuke anavyotaka, kisha siku hiyo wote wafunge chini, kwenye kisogo, fundo moja lililolegea, ua lilelile kwa kila mmoja. Mwenye matuta anakusanya matuta yake. Mwenye twisti za nywele zake mwenyewe anazikunja. Mwenye knotless anafunga. Mwenye dredi anafunga. Ukiwaangalia kwa mbele, ni timu moja. Wakigeuka, kila mmoja ana kichwa chake, na hiyo picha ya nyuma ndiyo watu watai-screenshot. Muhimu fundo liwe chini na liwe legevu. Lile la juu, la kukazwa kama kamba ya mbuzi, ndilo lililommaliza rafiki yangu.

Kuhusu hiyo knotless, ndiyo, ni bora kwa wengi wetu. Inaanza na nywele yako, nyongeza inaingizwa kidogo kidogo, kwa hivyo hakuna fundo la kuvuta kwenye mzizi siku ya kwanza. Lakini watu wameigeuza kuwa kinga ya kila kitu. Knotless nyembamba, nzito, za kufika kwa makalio, bado ni mzigo unaoning'inia kwenye nywele mbili tatu. Uzito hausomi jina la mtindo.

Fulani je? Matuta yanayoelekea nyuma, moja katikati, mawili yanayoshuka mbele ya masikio, shanga kidogo. Kwa ruracio au harusi ya vitenge, naikubali mia kwa mia. Ila tujue tu kwamba Fulani si jina la saluni, ni watu, wa Afrika Magharibi, na wanawake wao wamekuwa wakipamba misuko kwa sarafu za fedha, kaharabu na kauri tangu kabla ya TikTok. Na kama tunaweza kuazima mpaka huko, kwani nyumbani hakuna? Pwani, usiku wa kupamba, ukumbi ni wa wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, na nywele ndiyo inaonekana kuliko siku nyingine yoyote. Asumini iliyotungwa ikaingizwa kwenye msuko wa kawaida kabisa inanukia chumba kizima. Bei yake haikaribii pakiti moja. Nani amewahi kuwekea wapambe wake asumini hapa Nairobi? Nitafutieni picha.

Na wale wasio na nywele za kusuka? Hili sijaona mtu akilizungumzia, na liko kwa kila familia. Harusi nyingi zinawekwa Agosti na Desemba kwa sababu ni likizo. Dada mdogo wa bi harusi anatoka bweni. Shule yao, kama nyingi, inataka nywele fupi, kwa hivyo kichwani ana kama inchi moja. Sasa anawekwa kitini na inchi hiyo inavutwa isukwe matuta ili akunjiwe nywele za krosheti juu, kusudi "asiharibu laini". Kisha Jumatatu ya kufungua shule zinafumuliwa zote. Mtoto wa sekondari! Mwacheni na inchi yake. Mpakeni mafuta, mpeni hereni kubwa na ua sikioni. Kwa Wamasai, bi harusi mwenyewe huolewa kichwa kimenyolewa, shanga zimejaa shingoni na kichwani, na sijawahi kusikia mtu akisema picha zile zimekosa kitu.

Lakini kuna kitu mimi sisamehe: kumwambia mwenye dredi avae wigi. Mmemwalika kwa sababu ni rafiki yenu. Dredi zake mmezijua miaka minne. Siku ya harusi ghafla zinakuwa "haziko kiharusi". Kiharusi ni nini? Afadhali usimchague kabisa kuliko kumchagua halafu umfiche.

Sasa najua kuna bi harusi anasoma hapa na moyo unamwenda mbio. Dada, sikuchukii. Najua kamati inakusumbua, mama mkwe ana maoni kuhusu keki, na picha zitakaa ukutani miaka 30. Unataka angalau kitu kimoja kinyooke. Nakuelewa. Na kweli, vichwa vikienda kila upande bila mpango, kimoja cha bluu na kingine cha dhahabu, picha inachoka. Ndiyo maana sijasema usichague chochote. Chagua rangi. Chagua urefu. Chagua ua. Hayo matatu yanatosha kushika picha. Zaidi ya hapo unampangia mtu ngozi yake. Shangazi wa upande wa bwana watakaosema wapambe hawakufanana, hao wangesema tu. Mngefanana wangesema wali ulikuwa mgumu.

Na wewe mpambe, ongea mapema. Usingoje wiki ya harusi. Andika kitu kama: "Picha ni nzuri sana. Tunaweza kukubaliana iwe 1B, mabegani, na siku hiyo tufunge chini? Kila mtu asuke kwa msusi wake." Hakuna tusi hapo. Ukiona unaogopa, mwandikie pembeni badala ya kwenye grupu. Mara nyingi bi harusi alituma ile picha saa sita usiku bila hata kufikiria.

Kuhusu siku ya kusuka: harusi ikiwa Jumamosi, suka Jumanne au Jumatano. Ijumaa usiku hapana, na sababu si usingizi tu. Msuko mpya unavuta zaidi siku za mwanzo, kwa hivyo ukisukwa Ijumaa na kufungwa Jumamosi asubuhi, unavutwa mara mbili. Ukisuka katikati ya wiki, kufika Jumamosi umelegea na bado ni safi, almradi ulale na kitambaa cha satini. Kama nywele za pakiti hukuwasha, zioshe kwanza na zikauke kabla ya kumpelekea msusi. Wakichovya ncha kwa maji moto, hakikisha taulo iko mgongoni, maana maji hayo yanachoma kweli. Na ukiamka Jumatano na vipele mbele, rudi kwa msusi afumue misuko minne mitano ya mstari wa kwanza, aisuke upya ikiwa minene na milegevu. Hakuna mgeni wa harusi atakayeihesabu.

Halafu ikifika Jumapili jioni na kichwa bado kinauma, fumua. Hata kama ulilipa 4,700, hata kama zina siku tano tu na kila mtu kazini anakuambia ziache. Anza na za mbele.